Kinyume cha Jikoni Kwetu

Jumanne, 4 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Naelewa kinyume.

Sisemi kile cha watoto wanaocheza kamba. Nasema cha Mama na dada yake, Mama mkubwa, kinachokwenda mbio kama cherehani. Walikianza wakiwa wasichana ili Babu, baba yao, asiwaelewe. Siku hizi wanakitumia ili mimi nisiwaelewe. Silabi ya mwisho inaruka mbele, basi. Chai ni icha. Babu ni Buba. "Tomto koyu nimlango" — mtoto yuko mlangoni — ndiyo sentensi ya kwanza niliyoifumbua. Nilikuwa na miaka tisa. Kila nikitokea mlangoni walisema hivyo, halafu ghafla wanaanza kusifia nyanya.

Niliandika maneno nyuma ya daftari la hesabu. Wiki tatu zikatosha. Kwa kinyume nilijua Baba harudi, miezi miwili kabla sijaambiwa kwamba "amesafiri kikazi". Nikaitikia, aa, kikazi. Sasa ni miaka saba naitikia tu.

Leo nilikuwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na kitabu changu cha maandishi ya kale, yale ambayo watu walikaa karne nzima wakiyatazama bila kuyasoma. Ndani Mama anakata vitunguu. Mama mkubwa akasema: "Buba aatakata."

Nikashangaa. Atakata kwa kinyume ingekuwa taataka. Nadhani amechoka, amesahau kugeuza. Babu atakata! Yuko hospitali wiki ya pili sasa kwa kidonda cha mguu wa kushoto, sukari imepanda, na meza yake ya kukatia nguo imejaa vumbi. Alikuwa ameniahidi sketi mpya ya sare. Kumbe atarudi, atakata.

Nimefurahi mpaka nimesoma ukurasa mmoja mara nne.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda wodini baada ya shule. Macho ya Babu yameingia ukungu, ananijua kwa hatua. "Mke wangu huyo, anaburuza kiatu cha kulia." Nikamwambia nasikia utakata sketi yangu. Akacheka, akatoa tepu chini ya mto — analala nayo! — akanizungushia kiunoni na kuhesabu inchi kwa vidole.

"Umekuwa fito. Hawakupi chakula wale dada wawili?"

Akasema Jumanne wanamsafisha kidonda, akitoka hapo ni kwenye cherehani moja kwa moja. Mguu wa kulia unafuata tu, alisema, wa kushoto ndio unaojua kazi. Akakanyaga hewani chini ya shuka, kuonyesha.

Mama alikuwa amesimama na chupa ya chai. Aligeuka akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Kwenye kadi ya kitandani kuna mwandiko wa daktari, kama kuku amepita kwenye wino. Lakini herufi tatu zinasomeka: BKA. Halafu L ndani ya duara. Nimezinakili kwenye kiganja. Siwezi kuona maandishi nisiyoyajua nikayaacha hivi hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wa baiolojia: herufi nne tu za DNA zinaandika mwili mzima, na husomwa tatu tatu. Ukianza kusoma herufi moja mbele ya mahali pake, hakuna kilichobadilika kwenye maandishi, ila maana yote imeharibika. Darasa likapiga miayo. Mimi nilitaka kuuliza: anayesoma anajuaje kwamba ameanza mahali pasipo sahihi? Nilinyoosha mkono nusu. Nikajikuna sikio.

Maktaba imefungwa mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata. Kamusi ya tiba, jalada limeng'oka, rafu ya chini kabisa. Mkutubi akaniuliza, unataka udaktari? Nikasema ndiyo.

BKA ni kifupisho cha Kiingereza: kukatwa mguu chini ya goti. L ni left, kushoto.

Nilikaa sakafuni kati ya rafu. Halafu ile sentensi ya Jumanne ikarudi yenyewe na a zake mbili mwanzoni. Aatakata! Nilizisikia zote mbili na moja nikaitupa. Mama mkubwa hakusahau kugeuza. Ni atakataa. Chukua a ya mwisho, ilete mbele: a-atakata. Babu atakataa. Basi wanamficha! Wanampeleka kukatwa mguu naye anajua anakwenda kuoshwa!

Na mimi ndiye niliyempelekea habari za sketi. Mimi, ninayejiona fundi wa kufumbua. Nilisikia nilichotaka kusikia, nikakimbia nacho wodini kama zawadi.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nawachukia. Hapana — ndiyo, leo nawachukia. Mtu aliyewashonea magauni yao yote kwa mguu ule ule! "Kuosha kidonda." Kama "kikazi". Nyumba hii kila kitu kina jina la kuvaa nje na jina la ndani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya.

Walikuwa jikoni, Mama anachambua mchele, Mama mkubwa anaosha sufuria. Mama akasema kwa kinyume, Buba easiju. Babu asijue. Mama mkubwa: tujumata niatasai. Jumatatu atasaini.

Nilisimama mlangoni. Nikasema, akijua atakataa, kwa lugha yao wenyewe: "Aakiju aatakata. Ndiyo maana, sivyo?"

Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbu. Ila ilitoka. Sufuria ikaanguka kwenye sinki.

Mama mkubwa ndiye aliyepata mdomo kwanza. "We mtoto! Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu."

"Miaka yote hiyo umekaa hapo na vitabu vyako, kimya, kumbe sikio liko kwenye chungu!" Akamgeukia Mama. "Nilikwambia huyu si mpole, huyu ni kinasa sauti."

Mama hakucheka. Alinitazama na nikaona anahesabu kichwani yote niliyowahi kuyasikia. Nikamwona amefika kwa Baba. Akateremsha ungo.

Nikamwambia mguu ni wa Babu. Akasema anajua ni wa Babu. Akanikumbusha mwaka jana: daktari alitaka kukata kidole kimoja tu, kile kidogo, Babu akasema amekuja na vidole kumi na atazikwa na kumi. Wakamsikiliza. Wakamheshimu! Sasa kidole kimekuwa mguu, na daktari amesema wakingoja wiki mbili nyingine mguu utakuwa Babu mzima.

"Mwambie basi," Mama akasema. "Nenda. Akikataa tena, akafa, utakuja kuniambia nini mimi?"

Swali hilo ndilo linalonichoma. Nina maneno ya lugha tatu na kinyume juu yake, nikasimama pale kama nguzo. Mama mkubwa akasema kwa upole, mwanangu, hatumuonei, tunamwokoa. Nikamwambia kumwokoa mtu hakuhitaji lugha ya wizi. Nikaondoka kabla sijalia mbele yao.

Sikwenda hospitali.

Jumapili, 9 Machi

Jikoni hakuna kinyume tena. Wananong'ona, na nikipita wananyamaza. Nimesema kichwa kinauma. Sikwenda kumwona Babu leo pia. Nikienda nitamwambia, au sitamwambia. Yote mawili siyawezi.

Nina hasira na Mama kwa sababu hakukosea kila kitu. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya tu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Saa kumi tulikuwa wodini wote watatu. Nesi akaleta fomu ya kukubali upasuaji. Akamuuliza Mama, mgonjwa ameshaelezwa? Mama akasema ameelezwa. Hakupepesa macho. Nesi akasema mtu amsomee kwa sababu ya macho yake, kisha asaini, yeye anakwenda kitanda cha pili na kurudi.

Mama mkubwa akanyoosha mkono. Babu akasema, "A-a. Mke wangu atanisomea. Wewe unasoma kama unafukuzwa."

Karatasi ikaja kwangu. Mama alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake. "Soma tu pale chini pa kusaini, mwanangu, Babu amechoka."

Mistari tisa. Nilianza wa kwanza. "Mimi, ambaye jina langu liko hapo juu, nimeelezwa na nimeelewa..." Nikakwama kwenye nimeelezwa. Neno lenyewe limechapwa, si la mtu, kila mgonjwa anapewa lile lile. Uongo umeandaliwa kabisa, mtu anawekewa mstari tu wa kusaini. Mama akanigusa bega. Nikasoma kwa sauti — kwa sauti, mimi! — "kwamba nitafanyiwa upasuaji wa kukatwa mguu wa kushoto, chini ya goti."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akazima redio.

Babu akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Akavuta shuka. Akashika goti, akateremsha kiganja taratibu kwenye muundi, kama anavyopapasa kitambaa kujua upande wa nje. "Goti linabaki?" Nikasema linabaki. "Na kuanzia hapa?"

"Nani anajua jambo hili?"

Mama mkubwa: "Baba, tulikuwa tunatafuta namna ya—"

"Miaka hamsini," Babu akasema, "sijakata suruali ya mtu bila kumuuliza urefu. Hata ya mtoto. Hata ya maiti nilimuuliza mkewe." Hakupaza sauti. "Ninyi mmenipima nimelala."

Mama alikuwa analia bila sauti. Akasema ungekataa. Babu akasema pengine. Akasema ni mguu wake kuukataa.

Nilidhani ndiyo mwisho. Nilidhani, naona haya kuandika, kwamba sasa atanishika mkono. Akanigeuzia uso.

"Na wewe? Umejua lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole, polepole. "Jumamosi hukuja. Jumapili hukuja."

"Kichwa kilikuwa kinauma."

"Usinidanganye na wewe."

Kisha akaniita jina langu. Jina la shuleni, kamili. Maishani mwangu hajawahi kuniita hivyo. Akasema tutoke wote, tumwachie karatasi.

Hakusaini. Nesi alipofungua mdomo, Babu alimwambia mgonjwa ndiyo kwanza ameelezwa, arudi kesho. Nesi akamtazama Mama. Mama akatazama sakafu.

Njiani kurudi nikawaza: nimesema kweli na nimesimama kundi moja nao. Haki yangu iko wapi? Siku tatu tu! Wao wiki nzima! Lakini kwa Babu hakuna wa siku chache na wa siku nyingi. Aliyekaa kimya amekaa kimya.

Jumanne, 11 Machi

Mama hasemi nami. Asubuhi alimwambia Mama mkubwa, "Mwambie chai ipo," nami nimesimama hapo hapo, nimeshika kikombe.

Nimepita wodini kabla ya shule, nimevaa sare. Sikujua kama atataka kuniona. Alikuwa amekaa, karatasi iko mapajani, haijasainiwa. Amesikia hatua zangu. Hakuniita mke wangu. Hakuniita jina pia. Akasema, "Una kalamu?"

Ana maswali mawili ya daktari. Akasema mama zangu wakienda watamletea majibu yaliyopigwa pasi. "Nenda wewe. Yalete na makunyanzi yake." Nikamwambia Babu, mimi siwezi kuongea na madaktari, hata mwalimu wangu siwezi kumuuliza swali. Akasema jana uliweza. Hakuwa anasifu.

Nimekwenda. Mlangoni pameandikwa usiingie bila kuitwa. Nikasimama pale mpaka mfagiaji akazunguka miguu yangu mara mbili, akaniambia, binti, sogea au gonga. Nikagonga.

Daktari ni kijana kuliko mwandiko wake. Akauliza mama yako yuko wapi. Nikasema nimetumwa na mgonjwa mwenyewe, ana haki ya kuuliza, na fomu yenu inasema ameelezwa wakati hajaelezwa. Akaweka kikombe chini. Akaniambia kaa.

Swali la kwanza: mtu wa mguu mmoja anaweza kukanyaga cherehani? Akafikiri kweli, hakunidanganya. Akasema amewaona wanaofundisha mguu uliobaki, au kufunga mota ya umeme. Si haraka, lakini ndiyo.

La pili: wakikata, atapona?

Akavua miwani. Akasema hilo hakumwambia Mama vizuri, au Mama hakulisikia. Mguu wa kulia nao damu haifiki sawasawa. Kukata kunampa muda. Miaka, kama sukari ikishikwa. Pengine miezi. Na huo wa kulia hawezi kuuahidi.

Nikaandika neno kwa neno. Nikamsomea. Akasema, ndiyo, ni hivyo.

Nimekaa kwenye ngazi kati ya ofisi yake na wodi, daftari gotini. Kengele ya shule imekwisha kupigwa, sipo. Majibu mawili. La kwanza ni zuri, naweza kuingia nalo nikikimbia. Babu atasaini kwa hilo tu. Nina hakika. La pili halihitaji hata kufichwa, linahitaji kuchelewa tu, mpaka kesho, mpaka baada ya upasuaji. Nani atajua? Nimemwelewa Mama kabisa, kuanzia unyayo mpaka utosi, na nimekasirika upya, sijui na nani.

Ukurasa ni mmoja, yote mawili yameandikwa juu yake. Nikafikiria kuukunja katikati.

Sikuukunja. Nikapanda, nikavuta stuli mpaka karibu na sikio lake, nikaanza na la pili.