Matarishi wa Ufa wa Jikoni

Chumba cha Mikusanyo ya Wadudu,
Kituo cha Utafiti wa Kilimo,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako, yule uliyempachika jina la Bwana Hoja kabla hajang'oka jino la kwanza. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua nyakati za baridi kimetulia? Na shemeji, mgongo wake bado unamruhusu kukaa kwenye usukani wa lori kutwa nzima? Mpwa wangu je, amefikia kitasa cha mlango, au bado anakirukia? Sisi huku tu wazima. Mama hajambo. Baba naye hajambo, isipokuwa sikio lake la kushoto, ambalo siku hizi husikia yale tu linayoyapenda.

Ni miezi kumi na minne sasa sijauona mwandiko wako. Mama hupata simu yako kila Ijumaa, nami hupata neno moja mwishoni: "Msalimie." Nimelipokea neno hilo kila wiki kama mtu anayepewa maji kwenye kizibo cha chupa. Siandiki kulalamika. Mwenye haki ya kulalamika baina yetu si mimi, na nitafika huko. Nivumilie, maana unanijua, sifiki mahali bila kuzunguka.

Kazi yangu inaendelea vizuri. Nakaa siku nzima katika chumba chenye makabati ya mbao kutoka sakafuni hadi darini, na kila droo imejaa wadudu waliochomwa pini. Kila mmoja ana vikaratasi viwili chini yake: kimoja cha jina lake, kingine cha mahali alipokamatwa. Harufu ya dawa ya nondo imeingia hata katika mkate wangu. Mkuu wa chumba ni mama mmoja wa miaka sitini mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine utosini. Siku ya kwanza nilimtajia daraja la shahada yangu bila kuulizwa. Akanitazama, akasema, "Hongera, mwanangu. Sasa mshike huyo nzi bila kumvunja bawa." Nikamvunja yote mawili.

Wiki tatu zilizopita alinipa chupa za majongoo nizipange upya. Nilikuwa nahesabu miguu, nikaanza kucheka peke yangu hata akaniuliza kama ile spiriti ya kuwahifadhia imenipanda kichwani. Nilikuwa nimemkumbuka fundi viatu wa kona yetu. Unakumbuka jinsi nilivyoamini kwamba hawezi kutengeneza viatu vya watu kwa wakati kwa sababu ana kazi ya jongoo? Ukanishika mkono, ukanipeleka nikamwulize mwenyewe. Naye, misumari mdomoni, hakucheka hata kidogo. "Mwambie jongoo viatu vya kushoto vyote viko tayari," akasema. "Vya kulia aje mwezi ujao." Kwa mwezi mzima niliwavizia majongoo nyuma ya nyumba niwape ujumbe ule, na kila niliyemgusa akajikunja. Nikakwambia wana aibu kwa kuwa wamevaa upande mmoja tu.

Na yule konokono asiye na gamba? Nilishikilia kwamba amefukuzwa nyumbani kwake. Ulinisaidia kumwekea vizibo vya chupa kando ya bomba la maji, ili achague chumba. Hakuchagua. Ukasema labda anasubiri chenye dirisha.

Lakini hakuna lililoniumiza mbavu kama lile la redio. Nilikuwa na hakika kwamba nyenje anaishi ndani yake, na kwamba betri zikiisha ni yeye ameshinda na njaa. Nikamlisha makombo ya mkate kwa wiki nzima kupitia vitundu vya spika. Baba alipoifungua kwa bisibisi, makombo yakammwagikia mapajani. Akauliza kwa sauti ile yake ya kusoma hukumu, "Nani amekuwa akiilisha redio yangu?" Wewe ukajibu kabla yangu: "Ni sisi, baba." Sisi! Hukuwa umetia hata kombo moja. Nimekaa na neno hilo "sisi" mara nyingi siku hizi, Dada. Ni neno ambalo sijasikia tena likisemwa kwa ajili yangu tangu ulipoondoka.

Basi nimezunguka vya kutosha. Tuje kwa sisimizi.

Nilikuwa na miaka sita, nawe kumi na mmoja, mama alipokwenda kusomea ukunga mwaka mzima. Ulinionyesha ule ufa wa jikoni, chini ya dirisha, ukaniambia sisimizi wanaoingia mle ni matarishi. Neno lolote nitakalolisema pale watalibeba hadi kwa mama. Nikainama, nikasema: "Mama, jino langu la mbele limeng'oka." Asubuhi yake nikakuta punje za sukari mdomoni mwa ufa. Ukasema hilo ndilo jibu. Nikala nusu, nusu nikawaachia matarishi kwa kazi yao. Tangu siku hiyo nilikuwa nasoma sukari kama wengine wasomavyo gazeti: punje chache, mama ana kazi; punje nyingi, amefurahi. Baba alipambana na sisimizi wale kwa majivu na kwa mafuta ya taa, asielewe wanafuata nini.

Sasa niseme lile nililokuwa nikilikwepa.

Ulipokuja nyumbani mara ya mwisho, nilikuwa na wiki mbili tu tangu nivae joho. Nilikukuta jikoni umechuchumaa na mpwa wangu mbele ya ufa ule ule. Alikuwa anamwambia baba yake, aliyekuwa safarini na lori, kwamba amejifunza kufunga kamba za viatu. Nami nikasimama mlangoni nikatoa mhadhara. Nikasema sisimizi hufuata harufu, hawabebi maneno. Nikasema mtoto halelewi kwa uongo. Nikasema ulinipotezea mwaka mzima wa akili. Mtoto akageuka akauliza, "Kwa hiyo baba hakunisikia?" Nikamjibu: hapana. Dada, nilimjibu hapana! Akalia vile watoto waliavyo wanapojizuia. Ukampangusa uso kwa ncha ya kanga, ukasema bila kuniangalia, "Umesoma, mdogo wangu. Haya, umeshinda." Kesho yake mkaondoka, siku nne kabla ya siku mliyopanga.

Nimeshinda mijadala mingi maishani, nawe unajua ninavyoihesabu. Huo ndio wa pekee ambao ningeitoa mingine yote ili niwe nimeushindwa.

Hadi juzi, hata hivyo, nilikuwa najiambia kwamba nilikosa adabu lakini sikukosea hoja. Hivyo ndivyo watu wa aina yangu tunavyoomba radhi. Kisha Alhamisi nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, kwa kuwa jikoni kungepigwa plasta upya. Mama alikuwa anatupangia vikombe. Akatia sukari katika vyote isipokuwa kimoja, akasita, akacheka, akakirudisha kabatini. Alikuwa ametoa na kikombe chako, kwa mazoea. Nikamwambia, kama anayejua, kwamba wewe hupendi sukari tangu uzaliwe.

"Nani kakudanganya?" mama akaniuliza. "Mtoto yule! Vijiko vitatu, na nikigeuka anaramba kijiko. Nilipotoka kusoma ndiyo nikamkuta hanywi tena na sukari. Namwuliza, anasema amezoea."

Nikaweka kikombe chini. Baba, aliyetusikia kwa sikio lake zima, akaongeza kwamba mwaka ule kopo la sukari alilifungia kabatini na ufunguo kuuweka mfukoni kwa sababu ya wale sisimizi. Kila mtu alipewa kijiko kimoja kwenye kisosi, asubuhi, basi.

Unajua kazi niliyosomea ni kupanga ushahidi. Nikaupanga pale pale mezani, na sikutaka kufika mwisho wake. Nilikumbuka siku mbili ambazo ufa haukuwa na kitu, nikadhani mama amenikasirikia. Zilikuwa siku mbili ulizolala na homa. Nilikumbuka kwamba kila niliponong'ona ujumbe, ulikuwa nyuma ya mlango, ukisingizia kufagia. Nilikumbuka kwamba mama alirudi akijua habari za jino langu, za goti langu, za alama yangu ya kwanza darasani, kwa kuwa mtu alikuwa akimwandikia.

Kwa hiyo maneno yangu yote yalifika. Nilichokosea mimi, tangu utotoni hadi nilipovaa joho, ni jina la tarishi. Hakuwa na miguu sita. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akinywa chai isiyo na sukari.

Nisamehe, Dada. Sentensi hii nimeiandika mara tano, na kila mara nilikuwa nimeiongezea "lakini". Sasa haina.

Kuna jambo jingine. Ijumaa fundi mwashi alikuja na ndoo yake ya saruji, akaanza upande wa dirisha. Nikamwomba ule ufa auache. Akasimama na mwiko mkononi.

"Bosi, wewe si ndiye msomi wa nyumba hii? Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Huu, fundi, ukiuziba ndipo utakuwa umejenga ukuta."

Akamwita mama. "Mama, kijana wako yuko sawa kweli?" Mama akamwambia, "Huyo ukibishana naye utalala hapa. Mwachie." Akapiga plasta ukuta mzima ukawa laini kama ganda la yai, akaacha mstari ule mmoja wa urefu wa kidole, akininung'unikia hadi alipoosha mwiko wake. Kwa mara ya kwanza nimeshinda ubishi wenye faida.

Likizo ya shule ya mpwa wangu inaanza Agosti. Njooni, tafadhali. Chumba chenu mama amekwisha kukipaka rangi, na siku hizi ananiuliza kila anaponipigia simu kama umeniandikia. Nimechoka kumjibu "bado". Nyumba haina makosa, lakini inasikika kubwa; hata nikicheka peke yangu humo najisikia kama mtu aliyevaa viatu vya kushoto tu.

Kabla hujaja, mwambie mpwa wangu kwamba mjomba wake alikosea kwa sauti kubwa mbele za watu. Baba yake alisikia. Naamini jioni ile ile ulimpigia simu ukamweleza habari za kamba za viatu, maana hivyo ndivyo ujumbe unavyosafiri katika familia yetu. Akitaka ushahidi, amwulize baba yake mwenyewe.

Msalimie shemeji, umwambie namdai ile hadithi ya daraja aliyoiacha katikati. Mfikishie shangazi heshima zangu, na umwambie sijaoa na sijasahau kwamba ameuliza. Baba na mama wanawasalimu nyote. Mola awafunike huko mliko, awape afya na usingizi mtamu, na njia ya kurudi kwetu iwe nyepesi miguuni mwenu.

Jumamosi, kabla sijarudi kazini, nilikunywa chai yangu bila sukari. Ni chungu, Dada. Mwaka mzima uliwezaje? Kijiko changu nilikimwaga mdomoni mwa ufa, nikachuchumaa na shahada yangu yote, nikasema neno nililotaka likufikie. Sisimizi walikuja, wakabeba. Najua waendako: si mbali, hatua chache tu nyuma ya ukuta. Ndiyo maana nimekuandikia na barua hii.

Wako akupendaye hata anapobisha,

Bwana Hoja