Msitu wa Juu ya Bereko

Kibaigwa, 2 Novemba 2024

Mwanangu Shamimu,

Assalaam alaikum. Hujambo? Kifua kimeachia? Mimi mwili hauna neno, ila masikio ndiyo yamekwenda moja kwa moja. Simu kwangu sasa ni kipande cha plastiki, ndiyo maana nakuandikia.

Baba yako mdogo Khalidi ananitunza vizuri hapa kwake. Lakini juzi alikaa mbele yangu akasema polepole, nimwone mdomo: "Shemeji, miezi sita sasa. Tumsalie kaka, nawe ukae eda." Nikamwambia baba yako hajafa, amesahau njia. Si alishaanza kupotea hata akienda msikitini? Alitoka kwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Akili ikimrudia, naye atarudi. Waliomtafuta walimtafuta kama mbuzi wa jirani. Nenda wewe. Una gari, na njia za mizinga alikuonyesha ungali mdogo. Wewe hutanificha.

Mama yako

Dodoma, 10 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Waalaikum salaam, na shikamoo. Kifua kimepona. Nisalimie wote hapo. Ningekuja mwenyewe, si mbali, lakini haya siwezi kuyasema huku unanitazama mdomo.

Jana nilikwenda, peke yangu. Nilipoipita Haneti jua likachomoza, vilima vikajitokeza kimoja nyuma ya kingine, barabara tupu, kioo nimeshusha. Mungu anisamehe mama, nilifurahi. Nilikuwa naimba kama mtu anayekwenda harusini. Kondoa nikanunua maji na maandazi. Bereko, nyumbani kwetu, sikushuka. Niliona tu majani yamefika mlangoni.

Gari niliacha njia ilipoishia, nikapanda kwa miguu. Miyombo imechipua, majani mapya mekundu kama shaba, msitu mzima kama unawaka. Nilimwita baba mpaka sauti ikakauka. Halafu nikafika kwenye mzinga ulio juu ya mninga mkubwa, nikakuta umerinwa. Gome bado linanuka moshi! Nilikaa chini nikalia, nikajua yu hai, anakula asali yake.

Nikafuata nyayo. Niliyemkuta si baba. Ni mrina asali, anaitwa Optatus.

"Dada, mizinga hii nimeikuta haina mwenyewe," akasema. "Mzee sijamwona, na huku nazunguka kila siku. Angekuwepo ningemwona, au hata..." Akanionyesha korongo. "Kule kuna fisi. Usiteremke."

Niliteremka. Nilipekua mawe na vichaka mpaka mikono ikatoka damu. Hakuna kitu, mama. Hata kipande cha nguo. Nilirudi garini nikakaa bila kuwasha, nikiutazama ule uzuri, nikauchukia.

Mama, baba hatarudi.

Mwanao Shamimu

Dodoma, 15 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mvua huku zimeanza, huko je? Nimekuandikia tena na tena, hujanijibu. Baba mdogo anasema kwenye simu kwamba unakula kidogo na humsemeshi mtu. Nimekuudhi? Nataka kuja. Niandikie hata neno moja.

Mwanao Shamimu

Kibaigwa, 4 Januari 2025

Mwanangu Shamimu,

Salaam alaikum. Mimi mzima, na mvua zipo. Barua zako zote nimezipata.

Jana baada ya Ijumaa walimsalia baba yako. Nimekaa eda. Wanawake wa hapa wamekuja kunipa pole, na hata sura yake hawaijui. Mmoja akaniuliza kaburi liko wapi. Mdomo wake niliuona vizuri, nikajifanya sikuelewa. Wamepika, wamekula, wamekwenda.

Sikulaumu. Nilikutuma mimi. Lakini nikueleze, maana hapa sina wa kumweleza. Wale wanaume waliporudi mikono mitupu, baba yako alikuwa amechelewa tu. Nilikuwa nikipika namwekea moyoni fungu lake. Uliporudi wewe, akafa. Akafa nikiwa nimeshika karatasi, Khalidi yuko sokoni kwenye mahindi, na sikuwa na mwili wa kuulilia.

Usije kwanza. Umechukua macho ya baba yako, na sitaki kukuona ukiingia mlangoni peke yako.

Mama yako