Mkeka Wako Tulioupeleka Fagalua

Vaimoso, Apia,
Samoa.
14 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Leitu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Na mumeo, wale wa kiwandani wamempa likizo au bado wanamzungusha? Watoto wanakula vizuri? Sisi hatujambo, ila mimi nina kikohozi kilichokataa kila dawa, na mvua ya mwaka huu imetuchosha.

Najua umeiona ile picha ya kaka yetu Pesamino akiwa amefunikwa mkeka, na najua umeutambua mkeka wenyewe. Ndiyo, ni wako, ule mama aliokutengea. Niliutoa mimi. Usimlaumu kaka yako. Nilaumu mimi, lakini kwanza soma mpaka mwisho.

Unaikumbuka miaka yake ya gazetini, alivyokuwa akiwavizia mawaziri hadi mlangoni mwa kanisa? Sasa ni mwezi wa saba yeye ndiye Waziri wa Afya. Mwanzoni tulimcheka sana. Alikuwa akirudi na majalada kwapani, anayasoma huku kakao yake inapoa.

Siku moja kicheko kikaisha. Katika jalada kuukuu la zahanati ya Fagalua, kule Savai'i, alikuta karatasi za mizigo. Zile dawa alizoandika kwamba muuguzi Malaefou ameziuza zilikuwa zimepelekwa kisiwa kingine kwa makosa. Hazikufika Fagalua hata kidonge kimoja. Habari ile unaikumbuka. Ilikaa ukurasa wa kwanza, na sote tulijivunia. Malaefou aliacha kazi, akaacha hata kwenda kanisani, na mwaka juzi akafa.

Kibaya zaidi, humo humo palikuwa na nakala ya barua ambayo marehemu alimwandikia Pesamino gazetini, akimwomba aje aone rafu tupu za zahanati kwa macho yake. Pesamino alikumbuka kuipokea.

"Niliiweka kando, dada," aliniambia. "Habari ilikuwa imeshapoa."

Wasaidizi wake walimshauri atoe tamko fupi, yaishe. Mkubwa mmoja akamwonya kwamba waziri akijidhalilisha, serikali nzima inadhalilika. Yeye akaja jikoni kwangu akauliza, "Tuna mkeka gani mzuri kuliko yote?" Nikajua anakokwenda: kuketi chini ya mkeka mbele ya nyumba ya aliowakosea, kama ilivyo desturi yetu, mpaka wenyewe wauinue kwa kumsamehe au wamfukuze. Mzuri kuliko yote ulikuwa wako, Leitu. Sikuwa na moyo wa kumpa hafifu.

Tulivuka kwa feri. Kulipopambazuka alikuwa ameketi chini mbele ya nyumba ya Fiasili, mjane wa Malaefou, mkeka umemfunika kichwa na mabega, baba mdogo Tuliau kando yake na mimi nyuma yao. Ukimtazama hukujua kama ni waziri au gunia la nazi. Mjane alituona, akaendelea kumenya magimbi. Mvua ikaanza. Vijana wawili wa ukoo wake walisimama pembeni na mapanga, nami sikujua kama wanakwenda shamba au wanatungoja sisi. Niliogopa, mdogo wangu, sikufichi.

Saa tatu nzima zikapita. Hatimaye Fiasili akaja ukingoni mwa nyumba.

"Wewe mwandishi, umelowa?"

"Nimelowa, mama."

"Mume wangu alijifungia humu miaka tisa. Wewe asubuhi moja tu meno yanagongana?"

Pesamino hakujitetea. "Malaefou hakuiba," alisema. "Mimi nilimsingizia, na aliponiita sikuja." Hapo sauti ikamkatika, yeye ambaye utotoni tulimwita redio.

"Sema tena. Jirani zangu hawajasikia."

Akasema tena. Akasema mara ya tatu, kwa kupaza sauti, mpaka watu wakatoka kwenye nyumba za ng'ambo ya njia. Ndipo yule mama akashuka mvuani, akauinua mkeka kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia, "Haya, ingia ndani kabla hujanifia hapa nikaandikwa gazetini."

Leitu, nilicheka na kulia kwa pamoja. Tulilishwa magimbi na nyama ya kopo, na wale vijana wa mapanga ndio waliotupasulia nazi.

Mkeka ulibaki kwao, kama inavyopasa. Nisamehe. Nimeanza kukusukia mwingine, ingawa mkono wangu haujaufikia wa mama.

Jumamosi gazeti lilichapa ukweli wa Malaefou ukurasa wa kwanza, kwa jina la Pesamino. Aliuandika mwenyewe, akaurudia mara kumi na moja. Hatujui kama ataachwa kwenye kiti chake. Wakubwa bado wamenuna. Lakini kila Jumatatu Fiasili humpigia simu ofisini kuuliza dawa gani zimefika Fagalua na zipi hazijafika. Akijibiwa nusunusu humkatiza: "Sijakuuliza hilo, Waziri. Jibu swali." Na kaka yako, Leitu, hujibu akiwa amesimama.

Baba mdogo Tuliau anakusalimu, anauliza lini utakuja. Mkumbatie mumeo na watoto kwa niaba yetu. Mungu akutangulie uendako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Siniva