Jeep ya Mama Mkwe

Kolwezi, Manika
Alhamisi

Mama yangu mpendwa, Mama Adolphine,

Nakusalimu kwa heshima yote na kwa furaha nyingi. Habari za hapo Kasaji? Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya asubuhi? Mihogo imekauka vizuri? Na dada yangu Noëlla, bado anaimba kwa sauti ya kuizima kwaya nzima? Mi huku ni mzima, nakula, nalala, na mikono yangu inanuka mafuta ya gari kama ulivyoizoea. Mungu ametulinda.

Kabla sijaanza, Mama, ninalo ombi. Anayekuletea barua hii ni msafiri anayepita hapo Kasaji na gari. Mpe kiti kivulini, mpe maji ya kunywa, na kama umekaanga karanga usimfiche. Usimwache aondoke kabla hujasoma mpaka mwisho, maana jibu lako atarudi nalo yeye. Ningeweza kupiga simu, lakini ni wewe uliyesema kwamba neno la ndoa halipiti kwenye simu, linakatikakatika njiani.

Neno lako la mwisho ninalo moyoni. Ulisema Jémima umempenda, ni binti mwenye adabu, ila mama yake ndiye anayekutia mashaka. Ulisema mwanamke anayeshika usukani, anayelala njiani na magunia katikati ya madereva wanaume, mwishowe ataniendesha na mimi. Ukaapa kwamba hutakanyaga kwenye harusi yetu mpaka umwone Mama Wivine huyo kwa macho yako mwenyewe. Na unanijua, harusi ambayo mama yangu hayupo mimi siwezi kuiita harusi. Nilikaa kimya wakati ule kwa sababu nilikuwa na ugomvi mwingine mikononi, ugomvi wa chuma, na huo nao ulitaka kuniharibia harusi hiyo hiyo.

Unakumbuka nilivyokusimulia tulivyopeleka mali ya mahari. Mbuzi walipokelewa, vitenge vilipokelewa, na koti la Tata Banza lilimkaa vizuri hata akakataa kulivua. Tata Banza ni mdogo wake Mama Wivine, na ndiye anayesema kwa niaba ya ukoo tangu mume wa mama huyo alipofariki. Baada ya kunywa alisimama akasema kimebaki kitu kimoja tu: jeep ya dada yake ipone. Ponti ya nyuma ilikuwa imekufa. Ponti, Mama, ni ule mfupa mkubwa wa chuma chini ya gari, wenye meno ndani, unaopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Mkwe akiweka ponti nyingine kwa mikono yake, alisema, mali imekwisha na tangazo la ndoa lisomwe kanisani. Nilicheka rohoni. Kuniagiza mimi nitengeneze ponti ni sawa na kumwagiza Noëlla aimbe.

Nikaenda kwa Muteba, anayeuza vipande vya magari yaliyokufa, nikapata ponti ya jeep ya aina ile ile. Bolti zote ziliingia bila kulazimishwa. Nikaijaribu mwenyewe kwenye lami, kwenda na kurudi, ikateleza vizuri. Siku ya kuirudisha nilipita katikati ya avenue polepole kabisa ili watu wapate nafasi ya kuniona.

Majivuno hayo hayakumaliza wiki. Tata Banza alikuja garaji na uso wa msiba, koti lake mwilini, akasema boîte iko nakaza. Boîte ni lile sanduku la vitesi, yaani la gia. Gia ikiingia haitaki kutoka, jeep inanguruma na kuvutana kama mbuzi anayekataa kamba. Nikamuuliza inakaza wapi, kwenye kona au njia iliyonyooka, ikiwa tupu au na mzigo. Akanijibu kwamba yeye hana permis, hajui kuendesha hata baiskeli vizuri, yeye ametumwa tu, na alilotumwa ndilo hilo: iko nakaza.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yote, na wewe utaielewa kuliko mtu yeyote. Anayejua alikuwa Mama Wivine, na mimi ni muko wake, mkwe wa kumwolea binti. Tangu mali ilipotoka, bukwe ilisimama kati yetu kama inavyosimama kwetu Baluba: simtazami usoni, hanitazami, hatusemezani, hatukai mahali pamoja mpaka harusi ipite na wazee watufungulie. Nikimwona anakuja njiani, naingia dukani. Siku moja hapakuwa na duka karibu, nikaingia saluni ya wanawake, nikakaa humo nikijifanya natafuta mtu, mpaka wakaniuliza kama nataka kusukwa. Sasa fikiria, Mama, fundi anayemtibu mgonjwa wa mtu asiyeruhusiwa kusema naye.

Nikafungua boîte. Kila kitu ndani kilikuwa kizima. Nikaifunga, nikaijaribu, ikaenda, nikairudisha. Tata Banza akaja tena: iko nakaza. Nikaifungua mara ya pili, nikabadilisha mafuta, nikapima klachi, nikalala chini ya jeep nikikagua ule mti wa chuma unaounganisha boîte na ponti, nikitafuta panaposuguana. Hakuna kitu. Mikononi mwangu jeep ilikuwa nzima, mikononi mwa Mama Wivine ilikuwa mgonjwa. Nilimtuma Tata Banza akaulize kwa undani, naye njiani aliyafupisha maswali yangu yote, akafika akamwambia dada yake kwamba muko anauliza kama ni kweli inakaza. Mama wa watu akakasirika, na haki ilikuwa yake.

Nikaanza kuwaza vibaya. Nilidhani hajui kuendesha, au hataki nimwoe binti yake na anatafuta sababu. Yeye naye, nilikuja kujua baadaye, aliona nimempa ponti mbovu kwa dharau kwa kuwa ni mwanamke. Tata Banza akaanza kusema mbele za watu kwamba anayetoa mali yenye ugonjwa atajenga nyumba yenye ugonjwa, na tangazo la kanisani likasimamishwa. Jémima alilia. Na mi nililia, lakini hilo usimsomee Noëlla.

Basi, Jumamosi mchana, garaji imejaa vijana wanaochimba kobalti wameleta pikipiki zao, nikasikia matairi yanalia pale lami inapoishia mlangoni kwetu. Jeep ikaingia inanguruma, na kwenye usukani alikuwa Mama Wivine mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari la mteja. Niliona viatu vyake tu, nikaamua kubaki humo humo mpaka aende zake. Hakwenda. Alisimama akaupa uso ukuta wa garaji, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba ana neno na ukuta huu. Bukwe ni heshima, aliuambia ukuta, naye anaiheshimu, ila heshima haijawahi kutengeneza gari. Kama muko wake yuko karibu, atoke huko chini alikojificha, aingie kwenye jeep, akae, aone. Vijana walizima pikipiki zao ili wasikie vizuri. Nilitoka na grisi usoni, nikaingia, nikajibana mlangoni, macho nimeyatupa magotini.

Na kwa kuwa macho yangu yalikuwa chini, yakaona. Kabla hajagusa mkono mkubwa wa vitesi, kiganja chake kilienda kwenye ule mkono mdogo wa pembeni, kikausukuma mbele, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake. Mkono mdogo ni wa katrekatre, Mama. Ndio unaoyaamuru magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma, na kazi yake ni kwenye mchanga na matope. Mimi nilipoijaribu jeep kwenye lami sikuugusa hata mara moja, nani anautaka kwenye lami? Lakini yeye marehemu mume wake alimfundisha kuendesha kwenye mchanga wa njia ya Kasaji, akamwambia mkono huo ukae mbele siku zote, naye ameutunza hivyo mpaka mjini.

Nikakiambia kioo cha mbele, kwa heshima, kwamba ningependa kujua kama jeep inakaza hata kwenye mchanga. Mama Wivine akakijibu kioo hicho hicho kwamba kwenye mchanga haikazi hata kidogo, inaenda vizuri kabisa, ni ikifika kwenye lami ndipo inajifunga. Mama, wiki zote zile nilikuwa natafuta maneno hayo tu. Mchanga unasamehe, unaacha gurudumu liteleze kidogo, lami haisamehi. Nilisahau bukwe, nikasahau vijana wa pikipiki, nikamtazama machoni nikamwambia: Mama, shuka, nikuonyeshe.

Tukainua magurudumu ya kulia kwa jeki, ya kushoto yakabaki chini. Nikachora chaki kwenye tairi la mbele na la nyuma, alama zote mbili zikitazama ardhi. Boîte tukaiacha bila gia, mkono mdogo mbele. Nikamwomba azungushe tairi la nyuma polepole mpaka alama irudi chini. Alikaza kitenge chake, akachuchumaa na kazi ikaanza. La mbele likawa linazunguka nalo. Alama yake ya nyuma ilipofika chini, ya kwangu huku mbele ilikuwa imeshapita. Tukarudia, ikapita tena. Basi tukajua. Ponti niliyonunua, kwa nje inafanana na ile ya zamani, ila ndani idadi ya meno ni nyingine, na mimi kwa majivuno yangu sikuyahesabu. Ponti ya mbele inataka hivi, ya nyuma inataka vile, na boîte iko katikati inakabwa. Yenyewe haikuwa na kosa lolote, maskini, kama Tata Banza.

Hilo la Tata Banza nililisema kwa sauti bila kukusudia. Mama Wivine akacheka, Mama, kicheko cha kuanzia tumboni, akakaa kabisa chini na chaki mikononi, garaji nzima ikacheka naye. Kisha akafuta machozi akasema kwamba mapasa waliozaliwa pamoja hawatenganishwi. Kama nilimchukua mmoja kwa Muteba, niende nikamlete mwenzake. Na kweli, ponti ya mbele ya jeep ile iliyokufa bado ilikuwa kwa Muteba, chini ya rundo la milango. Tulienda wote wawili, yeye akiendesha, mkono mdogo tumeurudisha nyuma, na jeep ikapita kwenye lami bila kulalamika. Safari hii niliyahesabu meno. Yeye akayahesabu tena nyuma yangu, na sikuchukia.

Jumatatu nilimaliza kuifunga. Tukaijaribu kwenye lami na mkono mdogo ukiwa mbele, kwa makusudi, na gia zikaingia na kutoka kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Tata Banza alipanda nyuma akapiga mluzi njia nzima.

Sasa ninayo ya kukuungamia. Nilimtazama mama mkwe usoni kabla ya harusi. Nilikaa naye bega kwa bega, na tulipotoka kwa Muteba nilikula karanga kutoka kiganjani mwake. Wazee waliketi kwa ajili hiyo. Tata Banza alituhukumu wote wawili, Mama Wivine kuku mmoja na mimi kuku mmoja, na kuku hao tuliwala siku hiyo hiyo kwa bukari na sombe. Tulipokwisha kunawa alisema haya ya bukwe imetoka, muko na mama wasalimiane kuanzia leo. Tangazo litasomwa Jumapili hii.

Wakati wa kula Mama Wivine aliniuliza wewe, mama yangu, unasemaje juu yake. Nilishindwa kumdanganya mtu aliyenipa karanga. Nilimwambia yote, hata neno la usukani, hata la kulala njiani na magunia. Akarudisha tonge lake sahanini. Nikafikiri nimejifungia mlango. Kisha akauliza nyumba yako iko upande gani wa reli, na kama unapenda samaki wa kukausha.

Mama, inua macho sasa. Huyo msafiri uliyempa kiti na maji ndiye Mama Wivine. Amekuja mwenyewe, kwa jeep ile ile, kukuchukua uje kwenye harusi. Alinikataza nisikuandikie jina lake mwanzoni. Alisema wewe unataka kumwona yeye, na yeye pia anataka kukuona wewe, unavyompokea mtu usiyemjua ni nani. Ameahidi hatasema neno mpaka wewe useme la kwanza. Kama ulimpa maji kama nilivyokuomba pale juu, basi umeshampokea, na hakuna tena cha kubishana. Mimi nimempenda, Mama. Mwangalie vizuri kisha uniambie kama nimekosea.

Samaki wamo kwenye kikapu, ni wako. Kiti cha mbele nacho ni chako, kina nafasi ya kunyoosha goti. Noëlla akae nyuma na magunia, aimbe anavyotaka. Nisalimie kwaya, nisalimie majirani wote wa upande wa stesheni, waambie nyumba yangu ina mlango mpana. Jémima anakupigia magoti. Ameshakutandikia kitanda, na kila jioni anakitandika upya.

Ni mi mwanao anayekungoja barabarani,

Gracien

Nilitaka kusahau: mchangani mwache aendeshe anavyojua. Mkifika kwenye lami, tazama kiganja chake, lazima aurudishe ule mkono mdogo nyuma, maana hata ponti zikipatana, kona za lami bado hazisamehi. Akisahau, mwambie. Kati yako na yeye hakuna bukwe, mnaweza kusemezana njia nzima.