Inchi Nne Juu

Jumatatu, 2 Februari 1953

Leo tumekwama tena Goba. Palepale pa juzi! Matairi yamo ndani ya makorongo ya malori, tumbo la pikapu limelala juu ya tuta la katikati. Na hiki ni kiangazi. Masika bado wiki tano.

Didas, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Anasema si kosa lake, gari liko chini mno. Kweli, lilikuwa la Mzungu wa mjini, limezoea lami. Wakulima wa ndizi wakatusukuma, halafu mzee wao mmoja akaniambia, Bwana Karani, masika ukishindwa kufika, ndizi tutampa mwenye lori. Alisema kwa upole. Upole ule siupendi. Nadhani mwenye lori amekwisha kupita kuongea nao.

Ukarani wa maghala ya bandari Kurasini niliuacha mwaka jana kwa mbwembwe, nikaaga ofisi nzima. Nirudi kule kichwa chini? Bora nife. Pikapu lazima iinuke.

Jumatano, 4 Februari

Kumbe Dar es Salaam nzima ni mafundi! Dereva mmoja wa hapa Kinondoni kanishauri nibadilishe vile vyuma vinavyoning'iniza springi, niweke virefu. Asubuhi moja tu, imekwisha. Nikamuuliza, mbona gari lako hujalifanya hivyo? Akacheka, akaondoka. Nimeelewa.

Jioni kaja Albano, Mmakonde jirani yetu, mchonga vinyago. Amesikia kwa nani? Sikumwambia mtu. Anasema springi niziache, yeye atachonga vigogo viwili vya mpingo, vikae kati ya ekseli na springi, gari litapanda lenyewe. Mpingo ni sawa na chuma, anasema, akaigonga meza yangu na kipande kunionyesha. Alama imebaki mezani. Sasa mwenye mpingo atakusifia nini kama si mpingo?

Mke wangu Jovina kasema, Baba Koku, mwenzio anakusaidia tu. Jovina anamwamini kila mtu. Ndiyo maana mie inabidi niwe na macho ya watu wawili.

Jumamosi, 7 Februari

Temeke, kwa fundi Shomari. Mzaramo, mtu mzima, mvi zimeanza, baba yake alikuwa mhunzi. Nikampa shikamoo yake. Kaingia chini ya gari, kakaa humo kitambo kizima bila neno. Mafundi huanzaga na kelele — loo, bwana, gari limekwisha hili! Huyu kimya. Kimya cha nini?

Akatoka na maneno machache. Vyuma virefu, gari litayumba. Mpingo utafaa, ila siku ukipasuka hautakupa taarifa. Yeye ataongeza jani moja la chuma kila springi, na yale ya zamani atayatia motoni ayakunje upya, mgongo uinuke. Inchi nne. Nikasema nataka sita. Akakataa! Sita gari litalala kwenye kona, na mpira wa breki hautafika.

Fundi anakataa kazi? Nimewaza njia nzima hadi nyumbani. Mtu anayekataa kazi ana lake jambo.

Hata hivyo nimemkubalia. Chuma angalau ni chuma.

Jumatano, 11 Februari

Nimeshinda gereji, nimekalia debe, macho kodo. Anatumia makaa ya vifuu. Anavukuta, anatoa jani limeiva, analitazama rangi, analirudisha. Nikamuuliza anatazama nini. Akasema, rangi ya embe bivu basi, ikizidi hapo chuma kinakufa. Maneno matamu hayo! Mie nitajuaje kama kimekufa? Chuma hakilii.

Kaniletea kahawa mara mbili. Mie Mhaya, nimekulia kwenye kahawa, na yake ilikuwa nzuri. Hilo nalo.

Ijumaa, 13 Februari

IMEINUKA! Didas kapita juu ya rundo la matofali bila kugusa hata moja. Jovina kashindwa kupanda, kanga inambana, kacheka mpaka machozi. Nami nikacheka. Didas alimpa Shomari mkono, akamwita baba.

Halafu Shomari akaniambia nirudi baada ya siku saba, abane tena mibano, kwa kuwa springi iliyokunjwa upya hulegea kidogo ikishabeba mzigo. Nikamuuliza, kwa bei gani? Akasema bure, ni kazi ileile.

Bure! Furaha yote ikaniisha palepale.

Ijumaa, 20 Februari

Nimeirudisha. Nilidhani atabana niondoke zangu. Hapana, akasema niiache mpaka kesho, anataka kuibana leo na kuiangalia tena asubuhi ikishatulia. Hapo ndipo nilipouona mchezo. Kwenye kona ya gereji ipo pikapu nyingine, ya kijivu, sawasawa na yangu, imewekwa juu ya magogo. Haina springi! Kesho atanikabidhi vyuma vya takataka vilivyopakwa grisi, vyangu vizuri vimekwenda kwa kijivu. Nani angejua? Mie nisipigwe changa la macho namna hiyo.

Saa sita na nusu akanawa, akavaa kanzu, aende Ijumaa. Akaniambia, Bwana Karani, nikalie hapa kidogo, watu wasishike vitu vyangu. Akaenda. Hata kugeuka hakugeuka.

Tupa zake za kusugulia chuma zimetundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa. Nikachukua ya pembe tatu. Nikalala chini ya gari na suruali yangu ya kanisani. Lile jani refu la springi ya nyuma, wenyewe wanaliita jani mama kwa kuwa ndilo linaloshika mzigo na ekseli, nikalikata mikato mitatu upande wa chini, karibu na tundu la mbele. Springi ya kushoto mitatu, ya kulia mitatu. Chuma kigumu! Jasho lilinitiririka mpaka masikioni. Mikato ya juujuu angeisugua ikafutika, kwa hiyo nilizamisha vizuri. Nikapaka grisi, juu yake vumbi. Kazi safi, ya kikarani. Mtu haoni kitu, mie nikipitisha kidole tu naijua mali yangu.

Tupa nikaifuta, nikairudisha mahali pake. Aliporudi akasema ahsante kwa kunilindia.

Jumamosi, 21 Februari

Alama zipo. Zote sita. Nimepitisha kidole mara mbili. Hakubadilisha.

Ajabu, sikufurahi nilivyotegemea. Labda kabadilisha kitu kingine.

Jumanne, 10 Machi

Mvua ya pili hii. Goba tumepanda, tumeshuka! Lori la yule bwana limezama mpaka ekseli, sie tukalipita pembeni na mzigo wetu wa ndizi, Didas anapiga honi kama bwana harusi. Yule mzee kanipa mkungu mzima wa zawadi. Wachuuzi wetu wa ndizi wa Tandale walishaanza kuondoka, walipotuona wakarudi mbio.

Nilisema moyoni, Shomari ni fundi. Moyoni tu.

Alhamisi, 12 Machi

Didas. Mguu wake.

Springi ya kushoto imekatika kwenye mteremko wa Goba, gari limejaa. Likamvuta kushoto, likaingia korongoni, ndizi juu, yeye chini. Mfupa wa paja. Hospitali wanasema watatazama, hawasemi kama atatembea sawasawa. Umri wake miaka ishirini na minne.

Nilijua! Kahawa ile, bure ile. Nilijua tangu mwanzo!

Ijumaa, 13 Machi

Nimekwenda Temeke. Sikumwamkia Shomari. Watu walikuwa wanatoka msikitini, barabara imejaa, nami nikaona vizuri, wasikie. Nikamwambia amenifungia chuma kilichokufa. Nikamwita muuaji.

Aliniuliza tu Didas anaendeleaje. Halafu akauliza, kipande unacho? Nikione kilipokatikia. Nikamjibu utakiona barazani kwa Jumbe! Kabla sijaondoka wenye magari wawili walikuwa wameshayasukuma nje ya gereji yake.

Nilirudi kifua mbele.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimekisafisha kipande kwa mafuta ya taa, kiwe tayari kwa baraza. Grisi ikatoka, tope likatoka.

Kimekatika kwenye mkato wangu. Ule wa katikati. Si karibu nao. Ndani yake hasa, umefuatwa mwanzo mpaka mwisho, kama karatasi unayoikunja kwanza ndipo unaichana. Pale tupa ilipopita pameshika kutu. Palipobaki panameta, chuma kizuri, kizima, hakijafa popote.

Nikatoka nikaingia chini ya pikapu, iliyovutwa mpaka uani, kuangalia ile ya kulia. Ina ufa. Palepale pa mkato wa katikati.

Yesu na Maria.

Jovina kaniita kula mara tatu. Nimemwambia tumbo. Kipande nimekificha kwenye gunia la mahindi. Springi ya kulia nimeipaka grisi tena, sijui kwa nini.

Siku ile nilikuwa peke yangu. Lakini peke yangu kweli? Ng'ambo ya barabara alikuwapo mama anauza mihogo ya kuchoma. Alikuwa ametazama wapi? Na ile tupa, Shomari hajaona meno yake yameliwa? Labda anajua. Labda ndiyo maana alitaka kipande. Ananitegea nijiseme mwenyewe!

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda kuungama, ni Kwaresima. Nikasema nimekasirika, nimemtolea mtu maneno makali hadharani. Padri akauliza, ni hayo tu? Nikasema ni hayo tu.

Kwa nini aliuliza?

Jumatano, 18 Machi

Hospitali. Mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe. Didas anasema, shemeji, msimwonee mzee wa watu, chuma ni chuma. Jovina akamkatiza, akasema mtu aliyemvunja ndugu yake atalipia, awe nani. Akanigeukia. Sivyo, Baba Koku?

Nikasema ndivyo.

Karani wa Jumbe kaleta habari. Baraza ni Jumatatu asubuhi. Wazee wakimwona na hatia watamkataza kushika moto wa uhunzi Temeke yote. Karani huyohuyo kaniambia gereji ya Shomari imefungwa tangu wiki iliyopita, hakuna aliyemwamuru, kaifunga mwenyewe. Sikumuuliza zaidi. Aliniangalia sana huyu karani.

Ijumaa, 20 Machi

Naweza kukitupa kile kipande. Kurasini kina ni kirefu, chuma hakielei. Nilifika mpaka ukingoni kwenye maghala, nimekishika. Kumbe mmoja wa makarani wenzangu wa zamani ananitazama dirishani, akanipungia mkono. Nikarudi nacho nyumbani.

Jumatatu, 23 Machi

Naandika hapahapa barazani. Wazee wamekwenda kuswali adhuhuri, shauri linaendelea wakirudi.

Nilisema mimi kwanza. Nilisema vizuri, neno baada ya neno. Jumbe akauliza kipande kiko wapi. Nikasema kimepotea siku ya ajali, kwenye tope. Kipo kwenye mfuko wa koti langu, kimenitoboa bitana, kinanichoma ubavuni nikivuta pumzi. Kwa nini nimekuja nacho? Sijui. Sikuweza kukiacha nyumbani, Jovina asije akakiona.

Mzee mmoja akasema, hiyo haifai, kipande ndicho shahidi, huyu karani tunamwaminije? Ndipo Shomari akaomba kusema. Nikajua sasa, sasa ananimaliza.

Akasema, Bwana Karani ni mtu makini. Mimi nimefanya naye kazi, alikaa siku nzima anaangalia. Akisema kimepotea, kimepotea.

Halafu akasema mengine, nayaandika kabla hayajanitoka. Kasema siku kumi hizi hajalala. Amejiuliza kila jani, kila moto. Siku ya springi ya kushoto alikuwa na homa kidogo, macho yalikuwa mazito, huenda rangi ilizidi embe bivu asiione. Kasema miaka ishirini na sita hajavunja gari la mtu, lakini mkono huzeeka na mwenye mkono ndiye wa mwisho kujua. Kasema msinikataze, wazee wangu, nimekwisha kujikataza. Viriba vya kuvukutia moto nimempa mtoto wa ndugu yangu. Yule kijana akitoka hospitali nitamhudumia mpaka atembee.

Hakulia. Ningependa alie. Ningejua ananichezea.

Nilimtazama muda wote, nikitafuta. Mtu ana mlango fulani usoni, ukiuangalia sana unauona. Nimetafuta kwenye macho, kwenye mikono, kwenye namna alivyokunja kofia. Hakuna kitu. Anaamini. Anaamini kabisa kwamba ni yeye.

Jovina yuko nyuma na akina mama. Alilia Shomari aliposema habari ya Didas. Sasa ananitazama mie. Ananitazama koti. Limelalia upande mmoja, nimeona mwenyewe.

Wamerudi. Jumbe amekaa. Karani anafungua daftari, anaita jina langu, anasema mdai ana neno la mwisho kabla wazee hawajakata shauri. Shomari amesogea kwenye benchi, amepangusa vumbi kwa kiganja nipate nafasi ya kukaa, anasema karibu, Bwana Karani. Wananisubiri. Mkono wangu wa kushoto umo mfukoni, umekishika kipande.