Marahaba ya Siku Nzima

Shelui,
Ijumaa alasiri, mwezi wa Agosti.

Baba,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kirafiki haianzi bila salamu, kwa hiyo nimekusalimu, na marahaba nitajiitikia mwenyewe. Leo nitakueleza yote bila kuficha kitu, hata yale ambayo Mama amenikataza. La kwanza ni hili: kesho Mama anakwenda uwanja wa mbio za magari.

Si mbio hasa. Ni ile siku ya mafunzo ya kuendesha kwa kasi uliyojiandikisha kabla hujaugua, kwenye uwanja mpya upande wa Unyambwa. Walipiga simu kuuliza kama bado utakuja. Mama akawaambia umetutoka. Mwalimu wao akatoa pole, kisha akasema nafasi yako ipo kama kuna mtu wa nyumbani anayeitaka. Sasa, Baba, wakati huohuo Baba Mdogo alikuwa sebuleni kwetu akieleza tena kwamba gari lisiloendeshwa hugeuka banda, na kwamba yeye angelichukua likabebe kuku wa kwenda Nzega. Mama akamtazama. Akaiambia simu, "Nitakuja mimi." Akakata. Halafu akakaa chini.

Baba Mdogo alicheka mpaka akamwaga chai. "Shemeji, wewe? Gia ya nne unaijua hata inakaa wapi?"

Leseni Mama anayo, ulimfundisha mwenyewe, lakini ni kweli hajawahi kulipeleka gari mbali zaidi ya sokoni. Alimjibu Baba Mdogo kwa Kinyiramba. Jibu hilo ni mojawapo ya niliyokatazwa kuandika, ila kwa jinsi lilivyotoka nadhani ulilisikia hukohuko. Wakakubaliana hivi: Mama akifanya mafunzo mpaka mwisho, na akalirudisha gari nyumbani yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani, Baba Mdogo hatalitaja tena. Akishindwa, anakabidhi funguo.

Maelekezo yalikuja kwenye simu, na msomaji ni mimi. Gari liwe tupu, kisibaki kitu kinachoweza kurukaruka ndani. Tukafungua mlango wa nyuma, tukamkuta yule kuku mwekundu anaatamia kwenye kiti. Kwa hiyo kuhusu banda Baba Mdogo alisema kweli. Unajua kuku wa namna hiyo hahamishwi mchana, atayasusa mayai. Tukangoja jua lizame, tukamfunika kanga, na Baba Mdogo, kwa kuwa ndiye bingwa wetu wa kuku, akambeba na mayai yake mpaka jikoni kama anayepeleka mtoto kubatizwa. Tangu hapo anakuja kila siku kumjulia hali. Gari halitazami.

Kofia ngumu tuliazima kwa dereva wa bodaboda. Mama akiivaa juu ya kilemba haiingii, akiivaa bila kilemba inazunguka. Akasema ataizoea taratibu, akapika nayo ugali. Jirani alichungulia mlangoni akauliza kama paa letu linaanguka.

Tena wanataka mikono mirefu na suruali. Mama na suruali, Baba! Ikabidi atoe ovaroli lako la bluu, tukakunja miguu yake mara mbili. Mfukoni tulikuta karanga zako. Nilidhani atazitupa. Alizishika kidogo, akazirudisha mfukoni, akafunga kifungo. Hili hakunikataza kuandika, na sioni mtu mwingine wa kumwandikia.

Kazi kubwa ilikuwa mazoezi. Tulikwenda uwanja wa mpira, tukapanga madumu matupu ya mafuta ya alizeti yawe kona. Maelekezo yanasema kwenye kona utazame unakokwenda, na usikanyage breki ukiwa katikati. Mama alielewa vizuri. Shida ni kwamba karibu na kona ya pili, penye ukuta wa ghala, wazee hukaa asubuhi kuota jua.

Mama akaja, gia ya tatu, vumbi nyuma. Akawaona. Breki! Gari likakaa upande. Akashusha kioo, akavua kofia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, Mama Neema. Habari za kazi?"

Habari zikafika mpaka kwenye mtama. Akazunguka tena. Breki, kioo, kofia, shikamooni. Alipokuja mara ya tatu, Mzee Athumani, yule jirani yetu mwenye bakora, akasema, "Marahaba, mwanangu, lakini nimeshiba marahaba."

Nilimwambia Mama apite tu. Akaniuliza kama hayo ndiyo tunayofundishwa shuleni. Mjane awapite wazee kwa vumbi, tena uso umefichwa ndani ya kofia, kesho watu watasema nini? Na kweli, ndivyo mlivyonilea.

Ndipo Mzee Athumani akasimama, akagonga bakora chini. "Nisikilizeni! Shikamoo ya huyu mama tumeipokea, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, pamoja na ya wazee waliobaki nyumbani. Tumempa marahaba ya siku nzima. Sasa pita, na ole wako usimame!"

Baba, alipita! Macho mbele, mguu mbali na breki, gari likazunguka dumu kama limefungwa kamba. Wazee wote wakapotea ndani ya vumbi, nami nikawasikia humohumo wakikohoa na kuitikia, "Marahaba!" kwa mazoea.

Kisha tukakumbuka kwamba Unyambwa nako kuna wazee. Baba Mdogo amejitolea kutangulia na basi la alfajiri awasalimie wote kwa niaba ya Mama. Nilipomuuliza kama amesahau anashindana na nani, akasema niende nikamwangalie kuku.

Lakini leo mchana nilimkuta Mama amekaa ndani ya gari, limezimwa. Akasema uwanja haumtishi, ni tambarare na kuna watu wa kukuokoa. Kinachomtisha ni kurudi, kuteremka mlima wa Sekenke. Nakumbuka ulivyokuwa ukifika pale juu, unazima redio hata katikati ya wimbo unaoupenda, unasema, "Sasa tulisikilize gari." Unarudisha gia, na hakuna aliyeongea mpaka chini. Mimi nilidhani ndivyo wanavyofanya madereva hodari wote.

Kesho nitakaa kando yake. Naahidi redio nitaizima mimi, na neno "polepole" halitatoka kinywani mwangu hata tukifika kule kwenye kona mbaya. Karanga zitakuwa mfukoni. Pumzika, Baba. Tukifika nyumbani tutapiga honi ile yako, mbili fupi na moja ndefu, ujue.

Mwanao akupendaye,
Neema

Nyongeza: Kuna swali, na si langu, ni la Mama. Ndilo hasa alilonikataza kukuandikia. Tafadhali jibu upesi, kwa njia yoyote mnayoruhusiwa huko, kabla hatujafika juu ya mlima. Pale ulipokuwa unazima redio, na wewe ulikuwa unaogopa?