Siku Niliyokuchekesha Kwenye Benchi

Shikamoo, Mama.

Nimengoja marahaba yako hapa mezani, mjinga mimi. Miezi minne tangu tukuzike Ntobeye, bado sijazoea. Baba anasusa maharage ya kila mtu. Anasema hayajaiva. Yameiva, Mama, ni wewe tu haupo.

Nimerudi kufundisha Mabawe, ila kuna jambo linanikaba. Unakumbuka daktari wa Mwanza na majibu yako ya damu? Alisema presha yako ina mwenzake, kitu kinaitwa homosisteini. Kila mtu anacho, chako kilikuwa kimezidi. Hakuwa na hakika kama ndicho kilicholeta presha, lakini mara nyingi huonekana pamoja, na vyote huumiza mishipa. Akakuongezea vidonge vya foliki na vitamini juu ya vile vya presha. Ukaitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwenye zahanati yetu foliki hutolewa kliniki ya wajawazito. Ukakaa benchi moja na wasichana wenye matumbo, wewe na mvi zako. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema kwa sauti: "Jamani Mama, Baba ana habari kweli?" Benchi zima likacheka, hata muuguzi. Na wewe ulicheka, ukavuta kitenge ukafunika uso. Nikadhani umefurahi. Loo, mimi!

Hukurudi tena pale. Kwenye simu ulikuwa ukisema, "Nimeshachukua, mwanangu, nakunywa." Kumbe vidonge vya presha navyo hutolewa mbele ya benchi lile lile, ukaacha vyote. Tulipogawa nguo zako baada ya matanga nikakuta kadi yako ya kliniki. Tarehe ya mwisho ni siku ile ile. Kiharusi kilikukuta shambani, unang'oa maharage, peke yako.

Msibani walisema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia amina. Amina gani ile? Ungenigombeza basi, Mama! Ungeniambia "funga domo lako" kama zamani, ningefunga. Ulinyamaza ili nisijisikie vibaya. Sasa nalia chooni shuleni, wanafunzi wasinione.

Mama mdogo wa Mbuba naye amekutwa na presha, na daktari yule yule amemwandikia foliki. Nasikia anaona haya kwenda kuichukua. Jumamosi nitamfuata, nitakaa naye pale mpaka apewe. Lakini kwanza nitamweleza nililokufanyia, neno kwa neno. Hata Baba hajui. Unajua dada na mdogo wake mlivyopendana, huenda asinisemeshe tena maisha yake yote.

Pumzika, Mama yangu. Nisamehe kama huko kuna kusamehe. Hili nakuahidi: nitamwambia. Anichukie akitaka, mradi awe hai.

Mwanao,
Edita